Kuhamisha bomba la maji machafu unapoongeza chumba: maswali ya wenye nyumba wa Malindi

Malindi tunaongeza vyumba kila mwaka. Kijana anaoa, mama amezeeka na hawezi tena kutoka nje usiku kwenda chooni, au mtu anataka vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba. Kazi huanza kwa furaha, uzi unavutwa, msingi unachimbwa, halafu jembe linagonga bomba. Hapo ndipo fundi bomba hupigiwa simu. Mimi ni fundi bomba, na simu hizo nimezipokea kutoka Barani, Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Ningependa kuulizwa wiki mbili mapema, kabla uzi haujavutwa, kwa sababu njia ya maji machafu ndiyo inayoamua chumba kikae wapi.

Bomba linapita pale pale ninapotaka kujenga. Ni lazima lihamishwe?

Si lazima kila mara. Kipande kimoja kilichonyooka, kisicho na kiungo wala kona, kinaweza kubaki chini ya chumba kipya kama bomba lenyewe ni zima na kila upande nje ya chumba kuna chemba ya kufungulia, yaani kishimo kilichojengwa juu ya bomba na kuwekwa mfuniko. Likiziba, unaingiza fimbo kutoka chemba moja hadi nyingine bila kugusa sakafu. Kisichoweza kubaki chini ya chumba ni chemba yenyewe, kona, mahali mabomba mawili yanapokutana, na tangi. Ukivifunika hivyo, siku ya kuziba utavunja vigae vyako.

Mimi, kama kiwanja kinaruhusu, nalizungusha bomba nje ya chumba. Kuchimba mtaro uani ni kazi ya siku mbili.

Nitajuaje linapita wapi? Nyumba aliijenga marehemu babu na hakuna mchoro.

Anza mwisho, urudi mwanzo. Tafuta mfuniko wa tangi la septiki, usafishe pembeni, ufungue na kusubiri hewa itoke. Usiinamie ndani, na usiwashe sigara wala kibiriti hapo. Kisha mtu mwingine amwage ndoo ya maji yenye buluu ya kufulia chooni, ndoo nyingine bafuni, nyingine jikoni. Tazama kila rangi inatokea mdomo gani na baada ya muda gani. Nyumba nyingi za zamani zina njia mbili: ya choo inaingia kwenye tangi, ya jikoni na bafu inakwenda moja kwa moja shimoni au hata chini ya mgomba. Ukidhani ni moja, utahamisha moja na kuijengea nyingine.

Ukishajua mwelekeo, chimba vishimo vidogo viwili vitatu kwa mkono juu ya njia hiyo. Usitumie sururu. Bomba la zamani huenda likawa la udongo wa kuchoma au la saruji yenye asbesto, na yote mawili hupasuka kwa pigo moja. La asbesto usilikate kwa mashine ya kukatia, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu. Liache lilipo ardhini na uunganishe nje yake.

Katika kila kishimo pima kina kutoka usawa mmoja hadi mgongo wa bomba. Namba hizo ziandike, utazihitaji kwenye jibu linalofuata.

Mteremko uwe kiasi gani?

Hili ndilo swali la kazi yote, nami nitakaa nalo.

Bomba la choo la inchi nne, yaani milimita 100 au 110, linakwenda vizuri likishuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Hiyo ndiyo moja kwa arobaini. Likilazwa kwa uangalifu mkubwa na choo kikiwa kinalisukumia maji, linaweza kufanya kazi hata kwenye moja kwa themanini, ila hapo hakuna nafasi ya makosa. Tumbo moja dogo katikati ya bomba na uchafu unatua.

Sasa chukua mfano. Bomba la zamani lilikwenda moja kwa moja mita 6 hadi kwenye tangi. Lilitoka ukutani likiwa sentimita 40 chini ya ardhi, likaingia kwenye tangi sentimita 60 chini. Ulikuwa na sentimita 20 za kushuka, na kwa mita 6 zilihitajika 15 tu, kwa hiyo kila kitu kilikuwa shwari. Chumba kipya kinakulazimisha kuzunguka, na njia sasa ni mita 14. Kwa moja kwa arobaini unahitaji sentimita 35, lakini ulizonazo ni zile zile 20, maana choo hakijapanda na tangi halijashuka. Kumi na tano zimekosekana.

Utafanya nini? Unaweza kulilaza kwa moja kwa sabini, ambayo inaingia ndani ya zile sentimita 20, mradi fundi awe makini. Unaweza kufupisha njia kwa kusogeza chumba mita moja. Au, ikiwa choo kipya kinajengwa upya, unainua sakafu yake. Usilolifanya ni kutoboa tangi chini zaidi ili bomba liingie. Maji ndani ya tangi husimama kwenye usawa wa mdomo wa kutokea, na mdomo wa kuingilia unatakiwa uwe juu yake kwa sentimita 5 au zaidi. Ukitoboa chini ya hapo, maji ya tangi yatarudi ndani ya bomba na kukaa humo siku zote.

Kupima usitegemee jicho. Paipu la mpira linaloonyesha maji, vigingi na uzi vinatosha, na pimamaji uiweke juu ya kila kipande kabla ya kukifunika. Mtu akikwambia "nimezoea, naona kwa macho", mwombe amwage ndoo moja mbele yako.

Kona je?

Kona kali ya nyuzi 90 chini ya ardhi iepuke. Weka elbo mbili za nyuzi 45 zikiwa na kipande kifupi katikati, na kila bomba linapogeuka au kukutana na jingine weka chemba. Sakafu ya chemba ichongwe mfereji laini wa simiti unaofuata njia ya maji. Chemba yenye sakafu bapa ni dimbwi.

Tangi la septiki litaangukia ndani ya chumba kipya. Nikilifunika vizuri kwa zege kuna ubaya?

Kuna ubaya, ndugu yangu, na nakusihi usifanye hivyo.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako chumba cha kulala kilikuwa kimejengwa juu ya tangi. Mfuniko ulikuwa umezibwa kwa simiti na juu yake vigae vizuri vya rangi ya maziwa. Miaka miwili hakuna aliyeona tatizo. Mwaka wa tatu choo kikaanza kurudisha maji na chumba kikanuka kila bahari inapojaa. Lori la kunyonya lilifika, likasimama barabarani, wala hapakuwa na pa kuingiza mpira wake. Tulivunja vigae karibu na kitanda ili kuupata mfuniko. Mama wa nyumba ile alisimama mlangoni akilia, na mimi sikuwa na neno la kumpa.

Tangi lazima lifunguke ili linyonywe, na hewa yake lazima itoke nje. Uchafu mzito hutua chini, mafuta huelea juu, maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda shimoni. Tope la chini huongezeka mwaka baada ya mwaka. Gesi inayotengenezwa humo ina sumu na nyingine hushika moto. Haifai kuwa chini ya kitanda cha mtu.

Kwa hiyo jenga tangi jipya kwanza, mahali ambapo mpira wa lori unaweza kufika, mita tatu au zaidi kutoka ukutani. Hamishia bomba huko. La zamani linyonywe, litobolewe sakafu ili lisishike maji, lijazwe mawe na mchanga ulioshindiliwa, tabaka kwa tabaka. Hata hivyo msingi wa chumba usikae juu ya kifusi hicho. Uvukishe kwa boriti ya zege yenye vyuma, au usogeze chumba.

Kijana wa mtaani amesema ataingia ndani ya tangi alisafishe kwa bei nafuu.

Mkatalie. Watu hufa ndani ya mashimo haya kwa pumzi mbili tatu, na anayeruka kumwokoa hufa naye. Hata tangi lililoonekana tupu lina gesi. Kazi hiyo ifanywe na lori, mtu akiwa juu.

Tangi la zamani litatosha watu wa chumba kipya?

Hesabu vichwa. Tangi linapaswa kuyatuliza maji ya siku nzima na bado liwe na nafasi ya tope. Kwa nyumba ya watu 10 mimi napenda tangi la mita za ujazo 3 hadi 4, lenye vyumba viwili. Kama la zamani lilijengwa kwa wazazi wawili na sasa unaongeza wapangaji sita, huhitaji kuuliza zaidi.

Kisima chetu kiko uani. Bomba na shimo vikae umbali gani?

Hapa naomba usome polepole.

Malindi nyumba nyingi humaliza maji machafu ndani ya kiwanja: tangi, kisha shimo la kufyonza ambalo mafundi huliita sokipiti. Na viwanja hivyo hivyo vina visima, maana hata penye maji ya mfereji, mfereji hukauka. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni mita 30 kati ya shimo na kisima, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au mbili. Lakini chini yetu ni mchanga na mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una nyufa na mapango madogo. Maji machafu yakipata ufa hayachujwi na udongo, yanasafiri kama ndani ya bomba jingine usilolijua. Mchanga ukinywa maji haraka watu hufurahi kwamba shimo halitajaa. Mimi hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu kinachokunywa haraka kinapitisha haraka.

Basi fanya hivi. Pima kutoka kwenye kisima chako, na pia kutoka kwenye cha jirani. Ukuta wa uani hauzuii maji. Shimo liwe upande wa chini, ambako maji ya ardhini huelekea, na huku kwetu mara nyingi ni upande wa bahari. Shimo pana lisilo refu ni bora kuliko refu jembamba, maana refu linakaribia maji. Kiwanja kikiwa kidogo hata mita 30 hazipatikani, kisima kiwe cha kufulia na kumwagilia tu, ya kunywa yachemshwe au yatoke kwingine. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hizi. Familia inayohara kila masika na kusema ni maembe, mimi huomba kwanza nionyeshwe kisima.

Na viungo vya bomba vinavyopita karibu na kisima viwe vimejaribiwa kwa maji, bila kuvuja hata tone.

Nahitaji kibali kwa kazi ndogo kama hii?

Kuongeza chumba ni ujenzi, na chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 kibali hutolewa na serikali ya kaunti, kwetu ni Kilifi. Mchoro utakaopeleka uonyeshe njia ya maji machafu, tangi na shimo, maana bwana afya atayatazama hayo kabla ya kutazama rangi ya madirisha. Mwite aje aone mtaro ukiwa wazi. Wengi humwogopa. Mimi nimefaidika na jicho lake zaidi ya mara moja.

Kiwanja si changu, nyumba tu ndiyo yangu.

Wako wengi hapa wenye hali hiyo. Kuzungusha bomba ndani ya eneo lako ni jambo dogo, lakini kuchimba tangi jipya ni kubadilisha ardhi ya mtu. Nenda kwa mwenye kiwanja kabla ya jembe, ukiwa na mzee wa mtaa, na mkubaliane kwa maandishi. Bomba likipita kwa jirani, iwe vivyo hivyo.

Ninunue mabomba gani?

Chini ya ardhi tumia PVC nene ya kahawia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya kijivu nyembamba ni ya juu ya ardhi, ukutani. Chooni inchi nne, bafuni na jikoni inchi mbili. Usinunue bomba lililoanikwa juani nje ya duka miezi mingi, kwa kuwa jua letu hulifanya livunjike kama kijiti. Njia isipungue upana inapokwenda mbele: inchi nne haiingii ndani ya inchi tatu.

Mtaro uwe na sentimita 10 za mchanga safi chini ya bomba. Vichokoo vya matumbawe viondoe vyote, jiwe moja lenye ncha likikandamizwa na udongo wa juu litatoboa bomba taratibu. Mahali ambapo litapita karibu sana na sakafu au gari, lizungushie zege.

Bomba likipita ndani ya msingi mpya?

Usilijengee kwa simiti likabanwa. Msingi mpya hutulia kidogo baada ya mvua ya kwanza, wa zamani umeshatulia. Bomba lililoshikwa na yote mawili litakatika katikati. Acha tundu lenye nafasi ya sentimita 5 kuzunguka bomba, juu yake weka linta ndogo, na nafasi hiyo ijazwe kitu laini kisichopitisha panya. Karibu na ukuta, ndani na nje, weka viungo vya mpira badala ya gundi, ili bomba liweze kunesa.

Jikoni nako kuna maajabu gani? Bomba letu huziba kila baada ya miezi michache.

Machicha ya nazi. Dada zangu, mama zangu, nawasihi kwa dhati: machicha yasiingie kwenye sinki. Hayaozi upesi, yanashikana na mafuta ya kukaangia samaki na kuwa kama sabuni ngumu, na nimeyatoa kwenye mabomba yakiwa na umbo la bomba lenyewe. Kwa kuwa unahamisha njia sasa, ongeza kichemba cha kuzuia mafuta nje ya jikoni, chenye mfuniko unaoinuka kwa mkono. Mafuta huelea humo, mnayakomba kila wiki na kuyazika. Bafuni nako weka kichujio: miguu ya watoto waliotoka pwani huleta mchanga mwingi, na mchanga haupiti kwenye bomba, unatua.

Maji ya mvua ya bati niyaelekeze humo humo?

Hapana. Mvua moja ya masika itavuruga tangi lote na kusukuma tope hadi kwenye shimo la kufyonza, nalo likizibwa na tope haliponi. Ya mvua yavune kwenye pipa.

Tumehamisha bomba na sasa chumba kinanuka, ingawa hakuna kinachovuja.

Kila tundu la maji lina kona inayoshika maji, trapu, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa chafu. Njia ikiwa ndefu bila paipu ya hewa, choo kikimwagwa maji mengi huvuta nyuma yake maji ya trapu za jirani, mlango unabaki wazi. Weka paipu ya hewa mwanzoni mwa njia mpya, ipande hadi juu ya paa, mbali na madirisha, na mdomoni ifungwe wavu wa mbu. Chumba cha wageni kisichotumika mwaga maji kwenye tundu lake kila wiki mbili, maana joto letu hukausha trapu.

Familia itaenda chooni wapi wakati wa kazi?

Njia mpya yote ilazwe na kujaribiwa huku ya zamani ikitumika. Kuunganisha ni kazi ya asubuhi moja. Jaza ndoo usiku, zungumza na jirani, na chagua kaskazi, Januari au Februari, kabla masika hayajajaza mtaro maji.

Nijaribuje kabla ya kufukia?

Ziba mwisho wa chini, jaza maji hadi yasimame kwenye mdomo wa juu, acha saa mbili bomba litulie, ongeza yaliyopungua, weka alama, subiri nusu saa. Alama ikishuka, kuna kiungo kinachovuja, kitafute. Kisha fungua, na mwaga ndoo yenye vipande vya karatasi: vyote vitokee. Fundi asilipwe salio kabla ya hapo.

Nina nyumba ya urithi Lamu, mambo ni haya haya?

Mteremko ni ule ule, nyumba ni nyingine. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kabla ya kugusa ukuta uzungumze na watu wa Makumbusho ya Taifa kule. Lori haliingii vichochoroni, kwa hiyo panga mapema uchafu utatolewaje. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Usizichonge kuficha bomba ndani yake wala kuziba kwa simiti. Bomba linalovuja ndani ya ukuta huozesha vichwa vya boriti, nawe hutaona mpaka dari iiname. Lipitishe nje ya ukuta, mahali linapoonekana na kufikika.

Kazi imekwisha. Kuna cha kuhifadhi?

Piga picha za mtaro kabla haujafukiwa, futi ya kupimia ikiwa imelazwa ndani yake. Chora njia yote kwenye karatasi moja: umbali wa kila chemba kutoka pembe mbili za nyumba, kina cha bomba, mahali pa mfuniko wa tangi na upande wa kisima. Andika tarehe. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati za nyumba, na nakala abaki nayo yule mtoto anayekaa nyumbani.